Sura ya Tano: Mkaa wa Ulaya Mbuyuni

Basi la Iringa likishamaliza kilomita 50 za barabara inayoikata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, abiria waliokuwa wamebandika nyuso viooni wakitafuta tembo na twiga huegemea viti vyao, wengine husinzia. Hifadhi imekwisha, yanaanza maduka, nyumba za wageni na moshi wa nyama choma wa mji wa Mikumi. Mimi macho yangu ndiyo kwanza hufunguka. Natafuta magunia.

Gunia la mkaa lina umbo lake, huwezi kulichanganya na la mahindi wala la mpunga. Halishonwi mdomo. Hujazwa mpaka likafurika, kisha juu yake hujengwa kichwa: vipande virefu vya mkaa vinasimamishwa kuzunguka ukingo, vifupi vinamiminwa katikati, majani yanatandazwa juu, na kamba inapitishwa huku na huku kama mtu anayewamba kitanda. Kichwa kikijengwa na fundi, mnunuzi wa jumla huondoka na gunia na ushei kwa bei ya gunia moja. Ni lumbesa ile ile ya vitunguu na viazi, na anayeumia ni yule yule, aliyetoa jasho la kwanza.

Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 300. Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba Tanzania inatumia kama tani milioni 1 za mkaa kwa mwaka, nusu yake ikiishia Dar es Salaam peke yake, katika biashara yenye thamani ya dola za Marekani milioni 650 hivi. Biashara hiyo iliyapita kwa mbali mapato ya kahawa na chai yakijumlishwa. Lakini kahawa ina bodi yake, chai ina bodi yake, mkonge na korosho vilevile. Mkaa hauna bodi. Hauna afisa ugani, hauna mbegu bora, hauna mkopo wa pembejeo. Una mageti, faini na amri za kuukataza. Januari 2006 ulipigwa marufuku nchi nzima, na wiki mbili hazikwisha vizuri kabla serikali haijalegeza kamba, kwa sababu mji ulikuwa hauwezi kupika.

Naamini kosa letu lilianzia kwenye mafaili. Mkaa tuliuweka kwenye faili la misitu na la polisi, ilhali unaanzia shambani. Kilosa ndiyo iliyonifundisha hilo.

Wilaya ya Kilosa, ulipo mji huu wa Mikumi, ni kubwa na imewahi kuonja karibu kila sera ya kilimo iliyopita katika nchi hii. Reli ya kati ilifika hapa enzi za Wajerumani. Mashamba ya mkonge yalitanda Kimamba, Rudewa na Msowero, yakavuta vibarua kutoka kila pembe, na bei ya mkonge ilipoanguka yakaachwa, mengine yakageuka pori ambalo mpaka leo watu wanagombea nani alilime. Vijiji vya ujamaa vilipita. Kusini, ng'ambo ya Kidodi, miwa inakwenda Ruembe, kwenye kiwanda cha sukari kilichobinafsishwa mwaka 1998. Mwaka 2009 ikaja Kilimo Kwanza, na baada yake mpango wa ukanda wa kusini, SAGCOT, ulioichora barabara hii ya Mikumi kama uti wa mgongo wa kilimo cha biashara.

Katikati ya sera hizo zote amekaa mkulima mwenye jembe la mkono na ekari chache, na swali lake halijabadilika. Shamba la zamani limechoka. Mfuko wa mbolea bei yake anaijua. Upande wa pili wa kijito kuna msitu wa miombo wenye udongo uliopumzika miaka na miaka. Akifyeka ekari mbili za msitu huo akapanda ufuta, msimu wa kwanza na wa pili zinamlipa bila mfuko hata mmoja wa mbolea. Baadaye atahamia mbele kidogo. Na ile miti aliyoiangusha? Akiiacha ioze amepata hasara bure. Akiichoma mkaa anapata fedha ya mbegu na ya kuwalipa vibarua wa palizi. Huo mkaa unaosafiri kwenda Dar es Salaam mara nyingi ni mtoto wa shamba. Anayelisimamisha lori getini Mikese akadhani ameokoa msitu, hajaokoa kitu: ufuta umeshaota pale miti ilipokuwa imesimama.

Si maneno yangu tu. Utafiti wa watafiti wa misitu uliochapishwa mwaka 2020 ulipita maeneo yaliyopoteza msitu nchini, ukauliza kila mahali kilichofuata baada ya miti kuondoka. Jibu kuu lilikuwa kilimo. Mkaa ulikuja nyuma yake kwa mbali. Takwimu za serikali zinasema Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu na kwamba kwa mwaka tunapoteza hekta 469,420. Karibu nusu ya misitu hiyo iko kwenye ardhi ya vijiji. Maana yake, anayeamua kila asubuhi kama mti utasimama au utalala ni huyu mwenye jembe. Hifadhi ya Mikumi, kilomita za mraba 3,230 zilizotengwa tangu 1964, ina askari. Msitu wa kijiji una nani?

Una sheria, kwanza. Watu wengi wa mijini hawajui sheria zetu za ardhi na misitu ni nzuri kiasi gani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakipa kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi yake. Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kutenga hifadhi ya msitu wa kijiji, kuuandikia mpango, kuuvuna na kubaki na mapato. Kwa miaka mingi vijiji vilivyotenga misitu vilipewa nusu ya kwanza ya maneno hayo, yaani kulinda. Wanakijiji walikesha porini kwa doria ya kujitolea, wakarudi nyumbani mikono mitupu, na jirani aliyekuwa akiiba miti usiku akala vizuri kuliko wao. Hakuna kamati inayodumu kwa mtindo huo.

Mwaka 2012 Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania, TFCG, pamoja na MJUMITA, mtandao wa jamii zinazosimamia misitu, na TaTEDO, shirika la nishati, walianza kazi Kilosa kwa fedha za Serikali ya Uswisi. Wazo lao lilikuwa jepesi kulisema na zito kulikubali: kijiji kichome mkaa, mchana kweupe, kwenye msitu wake kiliouhifadhi.

Vijiji vya mwanzo vipo kando ya barabara ya vumbi inayotoka Kilosa mjini kwenda Mikumi na kwenye vilima vya pembeni: Ulaya Mbuyuni, Ulaya Kibaoni, Nyali, Dodoma Isanga, Msimba, Kigunga, na Ihombwe iliyo upande wa Mikumi. Mgeni akisikia fulani amekwenda Ulaya kuangalia mkaa hushtuka kidogo. Wenyeji wameshazoea mshtuko huo, hawahangaiki kuueleza.

Kazi ilianza na ardhi. Mkutano mkuu wa kijiji uliketi ukapitisha mpango wa matumizi bora ya ardhi: hapa makazi, hapa kilimo, hapa malisho, hapa msitu. Ndani ya msitu ikatengwa sehemu ndogo ya mkaa, na iliyobaki haikuguswa. Sehemu hiyo ya mkaa ikakatwa vitalu vya mita 50 kwa 50, robo hekta kila kimoja, ukiviona kwenye ramani unaona ubao wa drafti. Kitalu kimoja kinavunwa, cha jirani kinaachwa kimesimama, ili ndege, wadudu na mbegu wasikose pa kukaa. Kilichovunwa hakirudiwi mpaka miaka 24 ipite. Kingo za mito haziguswi, miteremko mikali haiguswi, na miti ya mbao kama mninga inabaki.

Siri yote ni kwamba miombo haifi ikikatwa. Mti wa mwombo uliokatwa vizuri, kisiki kikaachwa ardhini na mizizi yake, hutoa machipukizi mvua za kwanza tu zikinyesha. Mwaka wa pili machipukizi yanapita kimo cha mtu. Mti huo hauhitaji kitalu cha miche, hauhitaji kumwagiliwa, hauhitaji sherehe ya kupanda mti na kiongozi kupigwa picha ameshika koleo. Unahitaji vitu viwili: moto usiingie, na jembe lisiingie. Kisiki kiking'olewa ili ufuta upandwe, habari imekwisha. Ndiyo maana nasema tofauti ya mkaa unaoua msitu na mkaa unaouacha hai iko kwenye kisiki, na kisiki ni suala la kilimo.

Sasa tanuru. Magogo yakishakatwa huachwa yakauke, kwa kuwa gogo bichi hula moto wake lenyewe. Nguvu inayotakiwa kuivisha mkaa inaishia kufukuza maji. Haraka ndiyo adui wa kwanza wa mchoma mkaa, na mwenye wasiwasi wa kukamatwa siku zote ana haraka. Kisha magogo yanakatwa vipimo vinavyolingana na kupangwa yakiwa yamebanana, manene katikati, membamba yakiziba mianya. Juu yanafunikwa majani mabichi, juu ya majani udongo, na upande mmoja husimamishwa bomba la kutolea moshi. Mlango wa moto unawashwa, halafu unazibwa.

Kinachofuata ni kukesha. Moshi hutoka mweupe, mzito, umejaa mvuke. Fundi haendi mbali. Udongo ukititia mahali, pakatokea ufa, hewa huingia, na tanuru lenye hewa halitoi mkaa, linatoa jivu. Usiku wa manane mtu anaamka na koleo kuziba tundu lisilozidi kiganja. Moshi ukishakonda ukageuka wa bluu, hapo mkaa umeiva. Tanuru linafumuliwa taratibu, mkaa unapozwa kwa udongo, chenga zinatengwa. Kwa tanuru la kubahatisha unaweza kuteketeza kilo 10 za mti ukapata kilo 1 ya mkaa. Lililopangwa vizuri linaweza kukupa kilo hiyo hiyo kwa nusu ya miti hiyo. Wanawake waliingia kwenye kazi hii pia, nao wanajua vizuri kwamba mkaa ukiwa na risiti hakuna wa kuja kuuchukua kwa vitisho.

Kila gunia linalotoka msituni linalipiwa ushuru ofisi ya kijiji, linaandikwa, linakatiwa risiti. Fedha ya mkaa wenyewe ni ya mchomaji. Ushuru ni wa kijiji, na mkutano mkuu ndio unaoamua kazi yake. Hapa ndipo mambo yalipogeuka kiasi ambacho hakuna semina ingeweza. Kwa ushuru huo vijiji vilijenga madarasa, vikakarabati ofisi na zahanati, vikachimba visima, na Ulaya Mbuyuni wakalipia kaya zao kadi za mfuko wa afya ya jamii, CHF. Doria nayo ikapata posho.

Fikiria mkutano wa kijiji ambao miaka yote ulikuwa wa kusikiliza maagizo kutoka wilayani, sasa ajenda ni fedha za wenyewe. Watu wanakuja. Mzee aliyekuwa hafungui mdomo anasimama anataka kuonyeshwa kitabu cha risiti. Mama mmoja anauliza kwa nini mabati ya darasa yamezidi bei ya dukani Kilosa, na mwenyekiti inabidi ajibu, hana pa kukimbilia. Maendeleo ya vijijini yameandikiwa vitabu vingi. Mimi nikitaka kuyapima naangalia kama yupo mtu anayeweza kuuliza bei ya bati na akajibiwa.

Nisifiche upande mwingine. Ardhi ya Kilosa imemwaga damu. Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika mgogoro wa wakulima na wafugaji, wengi wao wanawake na watoto. Kupima ardhi na kuchora mistari ya msitu, shamba na malisho mahali penye historia hiyo si kazi ya ramani tu. Mstari ukichorwa mfugaji hajaketi kwenye mkutano, au ameketi lakini hakusikilizwa, unakuwa mbegu ya ugomvi unaofuata. Hekta iliyotengwa kwa mkaa wa miaka 24 ni hekta ambayo kijana anayeoa mwaka huu hatapewa kulima, na kijana huyo ana haki ya kuuliza atalima wapi. Mpango wowote wa nishati ya miti usiomwambia jinsi ya kupata magunia mengi kwenye ekari ile ile ya baba yake utamkuta siku moja msituni na shoka. Waanzilishi wa mradi walilijua hilo, wakaweka mafunzo ya kilimo hifadhi kwa wakulima wa vijiji hivyo. Ila ukubwa wa hitaji hilo si wa mradi mmoja. Ni wa bajeti ya taifa na maafisa ugani wake.

Tulikuwa na homa nyingine ya nishati miaka michache kabla ya mradi huu, na inafaa kuilinganisha na hii. Kati ya 2005 na 2010 wawekezaji walikuja kutafuta ardhi ya kulima mbono, mmea wenye mbegu za mafuta ya kuendeshea magari ya Ulaya, ile nyingine. Kisarawe, kampuni ya Uingereza iitwayo Sun Biofuels ilipewa hekta zipatazo 8,200 zilizotoka kwenye vijiji 11. Mwaka 2011 kazi ikasimama na vibarua wakarudishwa nyumbani. Kilwa, kampuni ya Uholanzi iitwayo BioShape ilifilisika ikiacha ahadi hewani. Tofauti yao na Kilosa haikuwa kwenye ubora wa mmea. Kule ardhi ya kijiji ilihama kwanza, ikageuzwa ardhi ya jumla ili mwekezaji apewe, na mradi ulipokufa ardhi haikurudi kirahisi. Ulaya Mbuyuni mradi ungekufa kesho, msitu ungebaki wa Ulaya Mbuyuni.

Na mradi ulipata mtihani. Mwaka 2019 zilitangazwa kanuni mpya za mazao ya misitu, Tangazo la Serikali Na. 417, zilizoongeza ngazi za usajili na vibali kabla gunia halijatoka msituni. Nia ya kudhibiti naielewa. Aliyeona misitu ya Pwani ilivyokwisha hawezi kubeza udhibiti. Lakini kanuni iliyoandikwa kwa ajili ya mwizi ilimkuta mwenye risiti. Kijiji chenye mpango ulioidhinishwa, vitalu vilivyopimwa na hesabu zinazosomwa mkutanoni kilitakiwa kusubiri mlolongo mrefu, ilhali mwenye mkaa wa usiku hasubiri mtu. Baiskeli yake haina kibali cha kuchelewa. Kila wiki mkaa halali ulipokwama, wanunuzi waliendelea kununua. Walibadilisha tu mahali pa kununua. Hili linaniuma kuliko mengine yote katika habari hii, kwa sababu tuliwaambia watu wafuate sheria, wakaifuata, halafu kuifuata kukawa na gharama kubwa kuliko kuivunja.

Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo 2034. Nauunga mkono kwa moyo wote. Mwanamke anayepuliza jiko ndani ya chumba kimoja huko Manzese, mtoto mgongoni, anavuta moshi ambao hakuna mjadala wa misitu unaopaswa kumsahaulisha mtu yeyote. Mtungi wa gesi au jiko la umeme ni haki yake. Ila mtungi unajazwa kwa fedha nyingi za mara moja, na mkaa unauzwa kwa kopo. Mama lishe ananunua wa leo kwa mauzo ya jana. Mji utaendelea kuununua kwa miaka kadhaa, na swali la Kilosa linabaki wazi: katika miaka hiyo, kopo hilo litoke kwenye kitalu au kwenye shamba jipya la ufuta?

Swali la pili ni gumu zaidi, nami sijaona wengi wakiligusa. Siku mji utakapoacha mkaa kweli, msitu wa kijiji utalipwa na nini? Ushuru wa gunia ndio unaomlipa mlinzi. Ukikauka bila mbadala, ekari zile zitashindana na ufuta zikiwa na mikono mitupu, na ufuta tunaujua ulivyo na nguvu. Kuna mbao za kuvuna kwa mpango, kuna mizinga ya nyuki, kuna mazungumzo ya biashara ya kaboni. Lolote litakalochaguliwa, fedha ipite mkutanoni kama ushuru ulivyopita, ikaulizwe na yule mama wa mabati.

Ukifuata njia ya miguu kuingia kwenye msitu wa mkaa utakuta vitalu vya umri tofauti vimepakana. Kimoja kimevunwa msimu uliopita: visiki, majivu ya duara pale tanuru lilipokuwa, nyasi. Cha pili kina machipukizi mengi kwenye kila kisiki, membamba, yanasongamana kama watoto dirishani. Cha tatu vijiti vyake vimeshapungua vyenyewe, vimebaki viwili au vitatu kwa kila shina, vina unene wa mkono, na chini yake pana kivuli cha kutosha mtu kukaa. Kitalu kilichovunwa mwaka 2014 zamu yake itarudi 2038. Mkakati wa nishati safi utakuwa umefika mwisho wake miaka minne kabla. Wajumbe waliopiga kura kukitenga watakuwa wazee, wengine hawapo, na watakaoamua kama kiingie shoka, jembe au kiachwe ni watoto ambao leo wanasoma kwenye darasa lililojengwa kwa ushuru wake.